KABLA YA KUNUNUA STESHENI WAGONI KUUKUU

(Maneno yaliyosemwa na kamati ya usafiri mbele ya mkutano wa tawi uliofanyika mjini Wote. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya ndugu wa Mutomo, Ikutha, Mwingi na Kibwezi ambao hawakuweza kufika.)



Tumesimama mbele yenu leo kwa mambo mawili. La kwanza ni kuwaeleza waziwazi jinsi fedha zenu zilivyopotea. La pili ni kuwaambia jinsi motokaa kuukuu inavyotazamwa kabla ya kutoa hata senti moja, kwa sababu mkutano huu utapiga kura juu ya kununua nyingine, na kamati haitaki mtu apige kura hali hajui yaliyotupata mara ya kwanza.

Wengi wenu mnakijua kisa hiki kwa juu juu. Miaka miwili iliyopita mlitupa Sh. 420,000/- kutoka mfuko wa kusaidiana, tununue stesheni wagoni ya tawi. Kazi zake mlizitaja wenyewe: kupeleka wagonjwa hospitali, kubeba wazee kwenda mikutanoni, kwenda matangani, na kuchukua vyombo vya mkutano. Tulikwenda watatu, mchana wa jua kali, tukaonyeshwa Probox nyeupe iliyooshwa ikang'aa, hata matairi yamepakwa dawa nyeusi. Mwuzaji alikuwa amekwisha kuiwasha. Akatuambia ati mwenyewe ni mama mmoja aliyekuwa akienda nayo kanisani tu. Tukaizunguka, tukafungua milango na kuifunga, tukapiga tairi teke (kwa nini watu hupiga tairi teke hatujui hata leo, tairi halijibu neno), tukaonyeshwa nakala ya logibuku, tukalipa. Saa tisa tulifika, saa kumi na moja tulikuwa njiani kurudi.

Mwezi wa tatu motokaa ile ilisimama usiku kati ya Ikutha na Mutomo, ndani yake yumo mama mgonjwa wa mwanachama mwenzetu. Injini ilichemka, mvuke ukajaa mbele, ikazima. Tulikaa kando ya njia tangu saa nne usiku mpaka lori la mbuzi lilipopita alfajiri. Mama yule alipona, Mungu ashukuriwe, lakini hakuna aliyekuwamo usiku ule ambaye amesahau. Fundi alipoifungua injini alikuta gasketi ya hedi imeungua na hedi yenyewe imepinda. Kumbe iliungua zamani, kabla hatujainunua, ikazibwa kwa dawa ya kumiminwa ndani ya rejeta, ile inayoshikilia kwa wiki chache na kuachia. Tulilipa Sh. 85,000/-. Kabla hatujapumua, wakaja watu wawili na makaratasi: motokaa ilikuwa imewekwa rehani. Mwenyewe alikopa fedha juu ya logibuku na hakulipa. Wakaichukua mbele ya macho yetu, na sheria ilikuwa upande wao. Simu ya mwuzaji haipatikani mpaka leo.

Tangu siku ile wako wanachama walioacha kutoa mchango wa mwezi. Hatuwalaumu. Tunachoomba ni kusikilizwa.

Watu wa Ukambani na stesheni wagoni ni wenzi wa siku nyingi. Wazee waliomo humu wanaikumbuka Peugeot 404, iliyoshinda mashindano ya Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968 mfululizo. Mwaka 1968 ikazaliwa 504, nayo ikashinda Safari mwaka 1975 na 1978. Si ajabu basi kwamba mtu akisema "nimekuja na Peugeot" ilieleweka kuwa amekuja na stesheni wagoni ya abiria, ile yenye safu tatu za viti, amebanwa katikati ya mtu na kuku. Serikali ilipoziruhusu matatu mwaka 1973 kubeba abiria bila leseni maalum, gari za namna hiyo nazo zilikuwa barabarani. Ufaransa iliacha kutengeneza 504 ya saluni mwaka 1983, lakini Kenya na Nigeria ziliendelea kuziunganisha miaka mingi baadaye, ndiyo maana bado mnaziona zimesimama chini ya miembe huko Kitui, nyingine zinakwenda, nyingine ni nyumba za kuku.

Siku hizi kiti cha Peugeot kimekaliwa na Probox, iliyotoka kwa Toyota mwaka 2002, na ndugu yake Fielder. Sheria yetu hairuhusu kuingiza nchini motokaa iliyopita miaka 8, kwa hiyo stesheni wagoni tunayoiweza sisi kwa fedha zetu haitoki Japani moja kwa moja. Ni iliyokwisha tembea hapahapa, mikononi mwa watu wetu wenyewe, na watu wetu tunawajua wanavyopakia.

Tuanze na makaratasi, ingawa fundi yeyote angeanza na injini. Sababu ni kwamba injini mbovu hutengenezeka kwa fedha. Motokaa ambayo si mali ya mwuzaji haitengenezeki. Namba ya motokaa ikishajulikana, mtu yeyote anaweza kuomba kumbukumbu zake kwa NTSA kwa njia ya eCitizen, kwa ada ndogo. Karatasi hiyo itawaonyesha jina la mwenyewe, mwaka wa kutengenezwa, namba ya chesisi na ya injini, na kama kuna zuio. Mkiona majina mawili, la mtu na la benki au la kampuni ya mikopo, jueni deni lipo. Zaidi ya hayo, tangu sheria ya mwaka 2017 juu ya rehani za mali inayohamishika, iko daftari ya serikali ambamo wakopeshaji huandikisha mali waliyoishika, nayo yaweza kupekuliwa. Sisi hatukupekua hata moja. Kazi ya nusu saa ingetuokolea Sh. 505,000/- ukijumlisha na ya fundi.

Kisha shika karatasi ile mkononi, nenda kwenye motokaa, usome namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma. Usisome logibuku ukaridhika. Gari za Kijapani namba yake ni fupi: Probox nyingi za injini ya 1,500 huanza na NCP51, kisha kistari, kisha tarakimu. Chuma kikiwa kimekwaruzwa, kimepakwa rangi mpya mahali pale tu, au tarakimu moja imekaa upande, aga kwa adabu uende zako. Huna haja ya kumwambia mwuzaji sababu.

Kuna motokaa za namna tatu ambazo katika wilaya hizi zetu hutokea sana na zataka uangalifu. Moja ni ya marehemu. Watoto wanaiuza, mama anakubali, jirani wote ni mashahidi, lakini mpaka mahakama itoe idhini ya kusimamia mirathi hakuna mwenye haki ya kuihamisha, na siku ndugu mmoja akitokea Mombasa kuidai, mtakuwa mmenunua kesi. Ya pili ni ile iliyokuja kwa miradi ya misaada, na Kitui na Makueni, kwa ajili ya ukame, miradi haijapata kutuishia. Nyingi ziliingizwa bila kutozwa ushuru. Zikiuzwa kwa mtu wa kawaida ushuru hudaiwa. Ulizeni umelipwa na nani, mwone risiti. Ya tatu ni ya mnada wa serikali. Hiyo yaweza kuwa nafuu kweli, lakini hamtaruhusiwa kuiendesha kabla ya kununua, basi mhesabu kana kwamba injini haina uzima.

Fedha zisipite mkononi mwa dalali. Mwenyewe ndiye aanzishe kuhamisha umiliki katika akaunti yake, nasi tukubali katika yetu. Na hapa kamati ina kosa lingine la kuungama. Mara ya kwanza tulikuwa tumekubaliana iandikwe "kwa muda" kwa jina la mmoja wetu. Hakuwa na nia mbaya, lakini angekufa je? Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 inakipa chama kilichoandikishwa uwezo wa kumiliki mali kwa jina lake chenyewe. Safari hii itaandikwa kwa jina la chama, kwa PIN ya chama, au haitanunuliwa.

Sasa injini. Neno letu kubwa kuliko yote ni hili: fikeni ikiwa baridi. Mwambieni mwuzaji mtakuja saa nne, nanyi mje saa kumi na mbili unusu. Wekeni mkono juu ya boneti. Ikiwa ya moto, subirini ipoe au mrudi kesho, kwa maana injini mgonjwa iliyokwisha pashwa moto huficha nusu ya magonjwa yake.

Ikiwa bado baridi, fungueni kifuniko cha rejeta. Ndani maji yawe na rangi ya dawa, kijani au nyekundu, tena yawe safi. Yakiwa ya kahawia kama chai ya rangi, kutu imeingia. Yakielea mafuta juu, funikeni mwende nyumbani. Halafu fungueni kifuniko cha kutilia oili mkitazame upande wa chini: ute mweupe kama uji maana yake maji na oili vimekutana, na hapo ndipo ilipokuwa Probox yetu. Washeni kifuniko cha rejeta kikiwa wazi, mtazame maji. Mapovu machache mwanzoni si kitu. Mapovu yasiyokoma, kama sufuria iliyo jikoni, ni moshi wa injini unaopita gasketi. Shikeni na mpira mkubwa wa juu wa rejeta baada ya kufunga. Ukiwa mgumu kama ubao dakika mbili baada ya kuwasha, habari ni ileile.

Mtuwie radhi kwa kukaa sana juu ya maji, lakini ndilo jambo la nchi yetu. Maji ya visima virefu vya Kitui na Makueni mengi yana chumvi. Mnajua yanavyoacha ukoko mweupe ndani ya birika. Sasa dereva akichemkiwa Zombe au Kathonzweni hutia maji anayoyapata, ya kisima, mwaka baada ya mwaka, na ukoko uleule hujifunga katika vijia vyembamba vya rejeta, na chumvi hula hedi ya aluminiamu polepole. Motokaa kama hiyo itakwenda vizuri mjini asubuhi. Itakushinda mchana, imejaa watu, inapanda. Kwa hiyo ulizeni wazi: "Hutiwa maji gani?" Mwenye motokaa njema atajibu mara moja, dawa ya rejeta, au walau maji ya mvua ya tangi. Asiyejua jibu amekwisha jibu.

Baada ya hapo iacheni ikiunguruma mahali ilipo kwa dakika ishirini. Feni ianze yenyewe, kisha ikome yenyewe. Feni isiyokoma tangu kuwashwa imeunganishwa moja kwa moja na betri na fundi aliyechoka kutafuta ugonjwa. Ulizeni pia kama thamostati ipo. Mafundi wetu wengi huitoa na kuitupa motokaa ikianza kuchemka, wakidhani wameiponya. Mkikuta haipo, jueni ilikwisha chemka.

Moshi mnaujua: wa samawati ni oili inayoungua, mweusi ni petroli nyingi, mweupe usiokoma hata injini ikipata moto ni maji. Injini ya Probox na ya Fielder ya 1,500 hutumia mnyororo wa ndani badala ya mkanda, nao hudumu sana mradi oili ibadilishwe kwa wakati. Ikiwashwa baridi na kutoa mlio wa vyuma kugongana kwa sekunde kadhaa, mnyororo umelegea, na maana yake oili iliachwa ikawa lami.

Watu hutazama kilomita. Kilomita hurudishwa nyuma kwa kompyuta ndogo ndani ya dakika chache. Tazameni mpira wa pedali ya breki, usukani ulivyong'aa, kiti cha dereva kilivyobonyea. Probox ya mwaka 2008 yenye kilomita 80,000 na pedali iliyobaki chuma kitupu, mojawapo inasema uwongo, na pedali haijui kusema uwongo.

Tuje nyuma ya motokaa, maana stesheni wagoni huuawa nyuma. Probox ya mizigo imetengenezwa kubeba kilo 400 na watu wawili mbele. Hebu hesabuni na sisi. Siku ya soko inabeba watu tisa. Wawili wako mbele. Saba waliobaki, wa kilo 65 kila mmoja, ni kilo 455, bado hatujatia gunia la pojo wala jerikeni. Na zile zinazokimbiza muguka hubeba shehena mpaka darini kwa mwendo ambao hata kuusema si vyema. Zile zinazobeba mchanga wa mto ni mbaya zaidi, kwa kuwa mchanga mbichi hutiririsha maji chini ya zulia na kuozesha sakafu.

Basi simamisheni motokaa mahali tambarare, mrudi nyuma hatua kumi, mchuchumae. Imeinama upande? Pimeni kwa kamba kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, kulia na kushoto. Lala chini mtazame springi: zimeongezwa vipande, zimewekewa vipande vya mpira, zimechomelewa? Pale mahali ekseli ya nyuma inaposhikana na bodi pana ufa au weldi mpya? Weldi hapo ni sababu ya kukataa, hata bei ipunguzwe namna gani. Peugeot 504 ina sifa hapa, kwani stesheni wagoni yake ina springi nne za mviringo nyuma, mbili kila upande, na ilifikiriwa tangu mwanzo kwa ajili ya mizigo. Inueni zulia, mguse sakafu. Tazameni shimo la tairi la akiba.

Kutu ya chini ina asili yake. Motokaa iliyokaa pwani ina chumvi ya bahari. Iliyotoka kaskazini mwa Japani ina chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji. Juu yaweza kung'aa kama sahani. Chukueni sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, mpitishe polepole juu ya bodi, hasa juu ya matao ya magurudumu na chini ya milango. Isiposhika, hapo pana puti badala ya chuma. Na vuteni mkanda wa kiti mpaka mwisho wake. Mkanda wenye mstari wa tope, au kiti ambacho bolti zake zina kutu, maana yake motokaa ilikwisha zama. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalizamisha magari mengi katika nchi hii, na hayakutupwa yote. Mengine yamekaushwa na kuuzwa.

Kwa kuwa tumetaja maji: ndugu wengine wameomba tutafute ile yenye kuvuta magurudumu yote manne, ati ivuke mito. Yafaa kwa tope na mchanga, lakini lazima mtu alale chini aone kama shafti ya kwenda nyuma bado ipo, kwani wengine huitoa. Wala msiinunue kwa ajili ya mto uliofurika. Tarehe 4 Desemba, 2021, pale Mto Enziu karibu na Mwingi, basi zima lilisombwa na watu zaidi ya 30 wakafa. Hakuna stesheni wagoni ya kushindana na hilo.

Kuiendesha. Siyo kuzunguka kituo cha petroli. Tutakwenda na watu watano, wenye uzito wa kawaida, na tutaipandisha milima ya Kilungu kutoka Salama hadi Nunguni, au kama iko upande wa Kitui tutatafuta mlima unaolingana. Juu tutasimama na kutazama kipimo cha joto. Kurudi chini tutasikiliza breki. Kwenye tambarare dereva ataachia usukani kidogo aone kama inavuta upande, halafu atafunga breki kwa mwendo wa kilomita 40 bila gari nyingine nyuma. Mahali pa wazi atakata kona kamili polepole, kulia na kushoto: mlio wa tak-tak-tak mbele ni viungo vya shafti vimekwisha. Klachi hupimwa hivi: vuta breki ya mkono, tia gia ya tatu, achia klachi taratibu. Injini izime. Isipozima, klachi inateleza. Kipande cha njia kiwe cha murramu, maana lami mpya ya Kibwezi hadi Kitui ni nzuri mno, haisemi neno juu ya bushi zilizolika.

Fielder nyingi za miaka ya karibuni zina giaboksi ya mkanda isiyo na gia za kuhesabika. Hiyo hutaka oili yake maalum. Ikitiwa ya kawaida hufa, na kuinunua upya ni ghali. Ikitetemeka kuondoka, au ikilia kama mbu, tuiache. Na ile ya umeme na petroli tusiifikirie, kwani betri yake kubwa ikizeeka tawi halina uwezo wa nyingine.

Mengine ni mepesi. Taa zote, honi, waipa, mlango wa nyuma ukae juu wenyewe usimwangukie mtu kichwani. Tairi lina tarakimu nne ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la miaka mingi hupasuka hata kama meno yapo.

Fundi atakayekwenda nasi hatakuwa fundi wa mwuzaji, wala ndugu yake, na atalipwa kwa kazi yake hata tukikataa kununua, ili asiwe na haja ya kutusifia. Wenye kutaka uhakika zaidi, Chama cha Magari cha Kenya, yaani AA, hukagua na kukadiria magari kwa ada. Kamati inaona ada hiyo si ya kukwepwa.

Mweka hazina wetu amependekeza kwamba motokaa iwe ikibeba abiria siku za soko ili ijilipe yenyewe. Tunaheshimu nia yake, lakini tunapinga. Bima ya mtu binafsi haiwalipi abiria waliotoa nauli. Na kwa kanuni za mwaka 2014 za gari za abiria, mwenye gari hana budi kuwa ndani ya kampuni au chama cha ushirika chenye gari zisizopungua 30. Ajali moja ya siku ya soko ingeweza kuuza ofisi ya tawi pamoja na viti mlivyokalia. Tena motokaa iliyokwenda sokoni haipo nyumbani mtu akiugua.

Mfuko sasa una Sh. 460,000/-. Tunaomba mkubali bei isizidi Sh. 370,000/-, na zilizobaki zikae kwa ajili ya bima, matairi, oili zote na matengenezo ya miezi ya kwanza, kwani motokaa kuukuu iliyonunuliwa kwa senti ya mwisho husimama mlangoni.

Mbili zimepatikana. Moja ni Probox ya mwaka 2009, ya gia za mkono, iliyoko Emali. Nyingine ni Peugeot 504 ya mwalimu mstaafu huko Mutomo, mwenyewe mmoja tangu mwanzo, yenye daftari la kila oili iliyobadilishwa. Kamati haikubaliani yenyewe kwa yenyewe. Wanaoitaka Probox wanasema spea zake zinapatikana kila kituo toka Mtito Andei hadi Mwingi, na kila kijana wa jua kali anaijua. Wanaoitaka Peugeot wanasema daftari lile lina thamani kuliko rangi. Mwandishi wa kamati ni wa upande wa Peugeot, lakini alilelewa ndani yake, na ameombwa asipige kura.

Kumbukumbu za zote mbili zimekwisha ombwa, na zimebandikwa ukutani hapo nyuma mzisome. Mkutano ukikubali, watakwenda watu wanne: fundi, dereva mmoja, na wanachama wawili wasio wa kamati, mtakaowachagua ninyi leo. Ya Emali itatazamwa Jumamosi na ya Mutomo Jumamosi inayofuata, saa kumi na mbili unusu asubuhi, na hakuna fedha itakayobebwa siku hizo. Taarifa yao itasomwa hapa kabla ya kura ya pili.

Bwana Mwenyekiti, sasa tuko tayari kwa maswali, na yale ya fedha zilizopotea yatangulie.